Mtani wa Bodi

Kabla sijaanza, niseme moja: mimi ni mtu wa hasira. Mama yangu kule Songea alikuwa akisema Leokadia alizaliwa amekunja ngumi na hajazikunjua hadi leo. Sioni aibu. Kuna watu wana kisukari, mimi nina hasira, kila mtu na mzigo wake. Lakini yuko binadamu mmoja katika jiji zima la Sydney ambaye kimila siruhusiwi kumkasirikia, na binadamu huyo anaitwa Paulo.

Paulo ni Mhehe wa Iringa. Mimi ni Mngoni. Babu zake na babu zangu walipigana vita mpaka wakachoka, na walipochoka wakawa watani. Yeye husema babu zake ndio walioshinda, mimi nasema wangu, na kila mmoja humwita mwenzake mtumwa wake. Mtani ana haki ya kukutukana mbele za watu nawe ukacheka. Ana haki ya kuingia jikoni kwako akaondoka na kuku. Ukifiwa, yeye ndiye anayekuja kuchekesha waombolezaji: anavaa nguo za marehemu, anaiga mwendo wake, anasema yale ambayo ndugu hawathubutu kuyasema. Na ukikasirika, faini. Mungu naye ana mambo yake, kanipa hasira halafu akanipa Mhehe.

Sasa kazi yangu. Mimi ni mhasibu, nimekagua hesabu za watu tangu enzi nina kiuno. Miaka ya karibuni kampuni moja kubwa ya ukaguzi, yenye jengo refu pale mjini karibu na maji, iliharibu. Magazeti yakaichana. Kinyozi hajinyoi, wahenga walisema, na hawa walikuwa wamejinyoa mpaka wakajikata sikio. Ndipo wakaahidi kuleta watu watatu kutoka nje, wajumbe huru. Mjumbe huru hafanyi kazi za kampuni, hana hisa, hagawiwi faida. Kazi yake ni kukaa kwenye bodi akawatazama wenye kampuni, na wakianza kuteleza aseme.

Mmoja wetu alikuwa Heather, jaji mstaafu, ndiye aliyetuongoza. Wa pili alikuwa mzee mmoja wa Perth ambaye alihudhuria kwa skrini na hakujua kuiweka kamera, kwa hiyo sisi tulimjua kwa paji la uso tu. Wa tatu mimi, natoka Penrith, mwisho kabisa wa jiji, kwa treni, nimepiga pasi suruali mpaka mstari unakata kidole.

Na upande wao alikuwepo Bruno, mkuu wa wabia wote. Bruno ana nywele nyeupe zilizochanwa vizuri, na ana tabia moja: akiulizwa swali gumu anavua miwani, anaifuta kwa tai, anasema, "Jamani, sisi hapa ni familia." Halafu anaongeza, "Mlango wangu uko wazi siku zote." Kisha zinaletwa biskuti za tangawizi.

Siku za mwanzo nilipandisha sauti mara moja. Kumbukumbu za kikao zikaandika kwamba Bi Leokadia alionyesha hisia. Nilichosema hakikuandikwa, hisia ndizo zilizoandikwa. Basi nikajifunza ustaarabu. Nikawa nasema "nimelisikia," nakula biskuti, narudi Penrith.

Paulo naye alikuwa mkaguzi katika kampuni hiyohiyo, ghorofa za chini, tangu kabla yangu. Tulikubaliana kwamba ya kazini hayafiki nyumbani. Kwenye sherehe za Watanzania tulitukanana vizuri tu, na ya ofisini tukayaacha ofisini.

Halafu baba yangu mdogo akafariki Songea. Alikuwa amekula chumvi nyingi, alizika mpaka wajukuu wa rafiki zake, kwa hiyo kilio chake kilikuwa cha shukrani zaidi kuliko machozi. Sikuweza kusafiri. Nikaweka matanga nyumbani, viti vya plastiki uani, maturubai, sufuria za pilau, na sufuria moja ya kuku wa kienyeji niliowatafuta kwa tabu, nikaificha jikoni nyuma ya ndoo kwa sababu nilijua nani anakuja.

Akaja. Hakusalimia. Aliingia na mkewe Keza, dada wa Kirundi mpole asiyeujua utani wetu hadi leo, akasimama katikati ya ua akasema, "Nimesikia mtumwa wangu kafiwa. Chakula kiko wapi?"

Jirani yangu Marie-Jeanne, mama wa Bukavu, alishika kifua. "Leokadia, huyu muntu anakutukana ku kilio yako?"

"Mwache," nikamwambia. "Ni haki yake."

"Haki gani? Kwetu anapigwa."

Paulo akazunguka, akaonja pilau, akalitukana. Kisha akasema, "Kazi ya mtani ni kumwiga marehemu. Lakini mzee mwenyewe simjui, sikuwahi kumwona. Kwa hiyo nitamwiga huyu aliye hai, maana naona naye kama amekufa kidogo."

Akaenda kwenye kamba ya nguo, akachukua koti langu la kikaoni lililokuwa likipunga upepo, akalivaa likambana mabegani. Akaazima miwani ya mtu. Akakaa kwenye kiti cha plastiki, magoti pamoja, mgongo wima, akashika biskuti isiyokuwepo kwa vidole viwili. Jamani, alikuwa mimi. Hata namna ninavyovuta pua nikijisikia mkubwa alikuwa nayo. Uani kote watu wakaanza kushika mbavu.

"Mheshimiwa," akajiuliza kwa sauti nyingine, "nyumba inaungua."

"Nimelisikia," akajijibu kwa sauti yangu, akatafuna.

"Mheshimiwa, kuna mkaguzi alikataa kuzikubali hesabu za mteja, kwa sababu wakubwa zake ndio waliomwandalia mteja hesabu zenyewe."

"Nimelisikia."

"Wamempeleka Liverpool, si ile ya Uingereza, hii ya pembeni mwa Sydney, chumba cha peke yake, hana kazi, hana simu inayolia. Anatazama dirishani maegesho ya hospitali. Anazijua gari zote za madaktari. Wanangoja achoke aondoke mwenyewe."

Akafikiri kidogo, kama ninavyofikiri mimi. "Nimelisikia. Hivi hizi biskuti mnazinunua wapi?"

Walicheka mpaka mama mmoja akaanguka na kiti. Mimi pia nilicheka, maana sheria ni sheria. Lakini hasira ilinipanda kutoka unyayoni, na kwa mara ya kwanza sikujua namkasirikia nani. Nikaingia jikoni.

Keza alikuwa akiosha vikombe. Nikamuuliza, "Huyo mkaguzi wa Liverpool ni nani?"

Akakausha mikono kwanza. "Ni yeye, dada. Tangu Pasaka. Kila siku anavaa tai anakwenda kukaa. Kasema hakuambii, kwa sababu ya kazi yako." Akashusha sauti. "Viza yetu imefungwa na ile kazi. Akiacha, tunaondoka sote. Watoto wanajua Kiingereza tu. Mimi nitawapeleka wapi?"

Paulo akachungulia mlangoni akiwa bado na koti langu. "Mnasemaje humo?"

"Nilitaka kujua lile la Liverpool," nikasema.

"Lile ni mzaha wa msibani. Mimi ni mtani, si shahidi." Akanitazama kwa muda mrefu kidogo kuliko kawaida. "Na hao kuku nimewaona nyuma ya ndoo."

"Hao ni wa padri. Gusa uone."

Aliwaacha. Ndipo nilipojua hali ni mbaya, kwa sababu Mhehe mwenye nguvu zake hawezi kumwachia padri kuku.

Kikao kilichofuata Bruno alikuja na tamko. Lilisema kwamba katika kampuni hii mfanyakazi yeyote anaweza kusema ukweli bila woga, na kwamba sisi wajumbe huru tumeridhika na hilo. Lingetangazwa kwa umma, lenye majina yetu chini. Nikaona wazi kitakachofuata: tukishalikubali, Paulo akilalamika ataambiwa hata wajumbe huru wamesema hakuna tatizo, na atakwisha.

"Kabla ya yote," nikasema, "nina jambo la kutangaza. Katika wafanyakazi wa kampuni hii, yuko mtani wangu."

Wakili wa kampuni, kijana mwenye kalamu nzuri, akainua kichwa. "Ndugu yako?"

"Hapana."

"Rafiki?"

"Mungu aniepushe."

"Adui?"

"Babu zetu, ndiyo."

Akafikiri. "Mna maslahi yoyote ya pamoja?"

"Nikifa, yeye ndiye atakayevaa nguo zangu awaonyeshe watu jinsi nilivyokuwa natembea."

Wakili akaacha kuandika. "Kwa malipo?"

"Kuku."

Heather, jaji, akavuta kiti mbele. Nilimwona macho yameamka. "Ngoja nielewe. Mtu huyu ana ruhusa ya kukusema vibaya mbele ya watu?"

"Ana wajibu, mheshimiwa."

"Hata ukiwa na cheo?"

"Hasa nikiwa na cheo."

"Na wewe huruhusiwi kukasirika?"

"Ninatozwa."

"Miaka yangu yote mahakamani ningetamani kuwa na mmoja," akasema.

Bruno akavua miwani, akaifuta kwa tai. Akasema hilo ni zuri sana, mila ni utajiri, lakini yeye anaona heri Bi Leokadia asiulize lolote kuhusu mtu anayemfahamu nje ya kazi. Na hapo, nisimwonee, alikuwa na haki. Heather akakubali: niulize kuhusu kampuni, nisimtaje mtu huyo wala mambo yake. Nikasema sawa. Mjumbe huru akianza kuwatetea watu wake, uhuru wake umeishia hapo. Nilikuwa nimefungwa mdomo, na aliyeufunga ni sheria ninayoiamini mwenyewe.

Basi nikauliza kwa ujumla. Nikauliza, aliyesema ukweli mwaka huu yuko wapi leo? Bruno akajibu kwamba sisi hapa ni familia. Nikauliza tena. Akasema mlango wake uko wazi. Biskuti zikaingia. Nikahisi moto unapanda, mikono inajikunja yenyewe chini ya meza, na nikajua kitakachoandikwa: alionyesha hisia. Huku Paulo yuko Liverpool, anahesabu madaktari.

Bruno akasimama kwenda kwenye skrini kutuonyesha picha za vijana wa kampuni wakicheka. Koti lake likabaki limetundikwa kwenye kiti chake, pale mwisho wa meza.

Sijui nini kilinisimamisha. Ninajua kwamba hasira yangu kwa Bruno haikuwa na kazi yoyote, na mtu mmoja tu aliwahi kunibadilisha nia kwa maneno, naye hakutumia hasira. Nikaenda kwenye kile kiti. Nikalivaa koti. Lilikuwa refu, mikono yangu ikapotea ndani. Nikakaa, nikachana nywele kwa kiganja, nikavua miwani yangu nikaifuta kwa tai ambayo sina.

"Jamani," nikasema, "sisi hapa ni familia."

Wakili aliganda na kikombe mkononi.

"Mlango wangu uko wazi siku zote. Uko ghorofa ya juu kabisa. Lifti ya kufika huku inataka kadi. Kadi ninatoa mimi. Lakini mlango, jamani, uko wazi."

Kwenye skrini lile paji la uso la Perth likatikisika. Mara ya kwanza nilidhani mtandao umekwama.

"Na mtu akisema ukweli hatumfukuzi. Sisi tufukuze mtu? Ebo. Tunampa nafasi ya kupumzika. Chumba chake peke yake, hata simu haimsumbui. Na dirisha tunampa. Mtu wa kweli lazima awe na dirisha." Nikavaa miwani, nikamsogezea wakili sahani. "Chukua biskuti."

Mzee wa Perth akapasuka. Alicheka kwa kukohoa, kamera yake ikaanguka, na kwa mara ya kwanza tukaona kwamba ana mdomo. Heather akaziba uso kwa mikono miwili, mabega yanaruka. Hata wakili alitazama chini ya meza kama aliyedondosha kitu.

Bruno hakucheka. Alikuwa mwekundu mpaka masikioni. "Huu ni utovu wa adabu," akasema. "Dirisha lina kosa gani? Ofisi ya Liverpool ni ofisi nzuri."

Kwetu angetozwa mbuzi, lakini alikuwa amelipa zaidi ya mbuzi, kwa sababu Liverpool mimi sikuitaja.

Heather aliacha kucheka taratibu. Akatoa leso akafuta macho. Alipoishusha, mama wa miaka sabini aliyekuwa akicheka hakuwepo, alikuwepo jaji. "Nani yuko Liverpool?" akauliza.

"Ni mradi maalumu."

"Wa nini?"

Bruno akaanza kuvua miwani.

"Iache usoni," Heather akasema. "Wa nini?"

Nikavua koti, nikalitundika, nikaomba kutoka, maana kilichofuata hakikunihusu. Nilikaa nje kwenye sofa la wageni. Hakuna aliyeniletea biskuti.

Tamko halikutangazwa. Heather na mzee wa Perth walimwita Paulo, bila mimi, naye akasema yote tangu mwanzo akiwa na ushahidi wake. Wiki chache baadaye akarudi ghorofani kwake, kwa cheo chake, na mbia aliyempeleka Liverpool akaenda kutafuta familia nyingine. Viza ikabaki palepale. Bruno naye alibaki, watu wa aina ile hawaangushwi na koti.

Mimi mkataba wangu ulikuwa wa mwaka. Mwezi wa sita ukaisha, na haukuendelezwa. Waliniaga vizuri, maua na hotuba, Bruno akasema watanikumbuka. Hilo nina hakika nalo. Kiti wakampa bwana mmoja mtulivu. Kurudi Penrith siku ile treni ilikuwa imejaa, na nilisimama na maua yangu mpaka mwisho wa safari.

Sikumwambia mtu kwamba iliniuma. Mtu mwenye hasira anajua kukasirika, kusikitika hajui. Niliipenda kazi ile. Niliipenda hasa baada ya kuanza kuifanya.

Ikawa arobaini ya baba mdogo, viti vya plastiki tena uani, sufuria ya kuku tena nyuma ya ndoo. Paulo akaja amevaa suti. Hakuomba chakula. Alinijia pale nilipokaa, mbele ya watu wote, akainama kabisa, akasema kwa sauti ya chini, "Shikamoo dada Leokadia. Mimi na familia yangu hatuna la kusema. Asante."

Marie-Jeanne akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Sasa amepata akili," akasema.

Mimi nilihisi baridi. Mhehe ananishukuru. Mhehe ananiita dada na shikamoo juu, wakati tumezaliwa mwaka mmoja. Nikaona mbele yangu maisha yote yaliyobaki, Paulo akiniheshimu, akinipisha njia, akisema ndiyo dada, na mimi nikizeeka kwa kiburi bila mtu wa kuniambia kitu. Nimeshakaa kwenye chumba ambacho kila mtu anaheshimiwa. Najua kinachotokea humo.

"Paulo," nikasema, "ukinishukuru mara ya pili, nitakutangaza kuwa ndugu yangu."

Akabaki ameinama.

"Nimesema. Nitakuita kaka mbele ya padri."

Mabega yake yakaanza kutikisika. Alipoinua uso, nilimwona ni yeye. Alinyoosha mkono, nami nikavua koti langu nikampa. Akalivaa, likambana palepale.

"Wafiwa," akawageukia watu, "mzee wa Songea tumemaliza naye. Leo tunaomboleza kiti cha mtumwa wangu. Kimefariki mwezi wa sita baada ya kuugua ukweli kwa muda mfupi." Akasimama kama mtu aliye ndani ya treni, akayumba na behewa, amekumbatia maua yasiyokuwepo, pua juu, kila kituo anachungulia kama kuna anayemwona. Watu wakacheka. Sikuwa nimemwambia mtu habari ya treni. "Mimi sijaumia," akasema kwa sauti yangu, akavuta pua. "Ni vumbi. Penrith ina vumbi."

Wakazidi kucheka. Akawanyamazisha kwa kidole, akasema kwa sauti yake mwenyewe, "Na nyie msimlilie. Atalia mwenyewe akifika jikoni."

Nilicheka na watu. Kisha nikainuka polepole, kama mtu anayekwenda kutazama chai, nikaingia jikoni nikafunga mlango, nikalia. Nililia kiti, nikamlia na baba mdogo ambaye nilikuwa sijamlia sawasawa. Keza akanikuta nimeegemea sinki.

"Dada, vipi? Kakuudhi?"

Nikaangalia nyuma ya ndoo kupata pa kuficha uso. Palikuwa patupu, sufuria haipo, na nje nikasikia mlango wa gari unafungwa taratibu.

"Hapana," nikamwambia. "Mtumwa wangu kaniibia kuku."